Mchezo wa Matofali na Mkataba Wake

Karatasi hii ina maneno yote ya somo la redio la leo, ili yule aliyekuwa shambani au sokoni saa ya kipindi aweze kulifuata kwa macho. Msome polepole. Aliye mwepesi amngoje mwenzake.

Somo ni la historia. Safari hii hamtasikia habari za Mkama wala za vita. Mtasikia habari za mchezo, ule ambao vijana huucheza kwa vidole juu ya kioo kidogo, matofali yakiwaangukia toka juu. Na mtasikia habari za karatasi chache zilizotiwa sahihi katika mji wa Moscow mwaka 1989. Karatasi hizo ziliwapa watu wengine mali nyingi na kuwaacha wengine mikono mitupu, na kilichowatenga kilikuwa mstari mmoja wa maandishi.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Fikirini fundi mwashi anayejenga ndani ya shimo jembamba. Hachagui matofali yake. Yanamwangukia moja moja, na kila moja lina umbo lake. Likiwa bado hewani anaweza kuligeuza, na kulisogeza kushoto au kulia. Likisha kutua, basi. Mstari mmoja ukijaa toka ukuta hata ukuta bila pengo, mstari ule hutoweka, na vyote vilivyo juu yake hushuka. Akiacha mapengo, ukuta wake hupanda. Ukifika mdomoni mwa shimo, mchezo umekwisha. Na kadiri anavyoendelea, ndivyo matofali yanavyozidi kuanguka kwa kasi. Kwa hiyo hata bingwa hufika mahali akashindwa. Mchezo huo jina lake ni Tetris.

Sasa kila mmoja akate vipande vinne vya karatasi, vya mraba, vilivyo sawasawa. Viungeni ubavu kwa ubavu juu ya meza, muone mtapata maumbo mangapi. Mtapata fimbo iliyonyoka. Mtapata sanduku. Halafu T. Halafu L, na ile L iliyogeuzwa kama katika kioo, ambayo ni J. Halafu S na mwenzake Z. Jumla ni saba, wala hakuna la nane. Wachezaji huyaita kwa herufi: I, O, T, L, J, S, Z. Basi ninyi mliokwisha kujua alfabeti mnayajua matofali yote ya mchezo huu kwa majina, na sanduku ndilo O.

Aliyeubuni ni Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovyeti mjini Moscow. Umoja huo ulikuwa dola kubwa iliyoongozwa na Urusi, ukavunjika mwaka 1991. Pajitnov alipenda mafumbo ya vibao. Kulikuwa na fumbo moja la vibao 12, kila kibao kikiwa na miraba mitano, nawe ulipaswa kuvipanga vyote vijae ndani ya kisanduku. Mwaka 1984 akajaribu kulitia fumbo hilo katika kompyuta. Miraba mitano ikawa taabu, akaipunguza ikawa minne. Neno la Kiyunani la nne ni tetra, naye alipenda tenisi. Hayo mawili akayaunga, likapatikana jina.

Kompyuta yake iliitwa Elektronika 60, nayo haikuweza kuchora picha hata moja. Iliandika herufi na alama tu. Kwa hiyo matofali ya kwanza kabisa yaliundwa kwa mabano, yale mabano ambayo ninyi huyatumia daftarini kufungia maneno. Mimi hulipenda jambo hili. Mtu hakungoja chombo bora. Alitumia alama alizokuwa nazo, na mchezo ukafana. Baadaye kijana wa shule wa miaka 16, Vadim Gerasimov, pamoja na Dmitry Pavlovsky, walisaidia kuuhamishia katika kompyuta ya namna ya IBM, ndipo ukapata rangi. Ukaanza kuenea Moscow kwa visahani vya sumaku, mtu akimpa rafiki nakala, rafiki akampa jirani, kama mbegu za maharage zinavyopita toka ua hata ua. Hakuna aliyelipa.

Na Pajitnov hakuweza kuuza. Katika nchi ile, kilichobuniwa kazini kilikuwa mali ya dola. Aliikabidhi haki ya mchezo kwa kituo chake cha kazi kwa miaka kumi. Andikeni neno hilo daftarini: HAKI. Hapa maana yake ni ruhusa ya kutengeneza na kuuza kitu, nayo huweza kukatwa vipande. Mmoja huruhusiwa kuuza mchezo katika kompyuta. Mwingine katika mashine ya nyumbani inayounganishwa na televisheni. Mwingine katika mashine ya kutia sarafu, na mwingine katika mashine ndogo ya kushika mkononi. Ni kama shamba lililogawiwa ndugu wanne. Kila mmoja ana upande wake, na ugomvi huanza pale ambapo mlamula wa mpakani haukupandwa.

Mwaka 1986 mfanyabiashara wa London, Robert Stein, aliuona mchezo huu mjini Budapest, Hungaria. Akapeleka ujumbe Moscow kwa teleksi, yaani mashine ya siku zile ya kupeleka maandishi kwa waya. Pajitnov akajibu, kwa Kiingereza chake cha kujikongoja, ya kwamba wangependa kufanya mapatano. Someni tena: wangependa. Stein alilichukua jibu hilo kuwa ni ruhusa. Akauza haki kwa kampuni ya Mirrorsoft ya Uingereza, na kwa Spectrum HoloByte ya Marekani, na hapo hakuwa na karatasi yoyote yenye sahihi.

Ninyi mnaijua butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali mtini. Aliyeuza butura angalau mbuni ni wake. Stein aliuza kahawa ya shamba ambalo hajaonyeshwa mpaka wake. Na walionunua wakauza tena. Mirrorsoft iliwauzia Atari Games, na Atari Games wakawauzia wengine huko Japani. Mmoja wa hao waliofikiwa na haki hiyo Japani ni Henk Rogers, Mholanzi aliyekulia New York akahamia Japani. Yeye alitoa Tetris kwa mashine ya nyumbani ya kampuni ya Nintendo, iliyoitwa Famicom, mwishoni mwa mwaka 1988. Akaamini kabisa kwamba haki anayo. Alikuwa amelipa.

Huko Moscow, shirika la dola lililosimamia biashara ya kompyuta na nchi za nje, Elorg, lilishituka kuona mchezo wao unauzwa duniani. Mwaka 1988 likamtaka Stein atie sahihi mkataba halisi. Mkataba ule ulitoa haki ya kompyuta peke yake. Lakini huko chini, mashine za nyumbani zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Sasa tufike Februari 1989. Nintendo walikuwa wakitengeneza mashine ndogo ya mkononi, Game Boy, na Rogers alitaka Tetris iwemo ndani yake. Akamshawishi mkuu wa Nintendo Marekani, Minoru Arakawa, kwamba mchezo huu utapendwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, wake kwa waume. Ndipo akapanda ndege kwenda Moscow kwa hati ya mtalii, bila mwaliko, akaenda kulitafuta Elorg. Siku zilezile Stein naye alikuwa Moscow kwa shughuli hiyohiyo. Na Kevin Maxwell pia, mwana wa tajiri wa magazeti Robert Maxwell, mwenye Mirrorsoft. Watu watatu, mji mmoja, ofisi moja. Aliyewapokea kila mmoja kwa zamu yake alikuwa Nikolai Belikov wa Elorg.

Rogers, kwa kujivuna, alitoa kasha lake la Tetris ya Famicom akaliweka mezani. Belikov akakasirika. Hatukumpa mtu yeyote haki hii, alisema. Hapo Rogers angaliweza kukana, au kutafuta maneno ya kukwepa. Akaeleza kila kitu: amenunua kwa nani, na huyo alinunua kwa nani. Akaandika hundi ya fedha walizostahili Warusi kwa makasha aliyokwisha kuuza. Kwa maoni yangu hundi ile ilimfaa kuliko hotuba yoyote.

Maxwell alionyeshwa kasha lilelile. Akasema ni la wizi. Lakini jina la Mirrorsoft, kampuni ya baba yake, lilikuwa limepigwa chapa juu ya kasha. Hakujua kilichomo katika karatasi za kampuni yake mwenyewe.

Akabaki Stein, na hapa ndipo moyo wa somo letu. Belikov alimpa karatasi ya kuongeza juu ya mkataba wa awali. Ndani yake mlikuwa na mambo ya malipo na faini za kuchelewa kulipa. Stein alikuwa amechelewa kulipa kweli, hivyo macho yake yalikwenda kwenye faini. Akabishana juu ya faini. Lakini katika karatasi hiyo mlikuwa pia na mstari wa kueleza neno moja. Kompyuta, ulisema, ni mashine yenye kichakato chake, kioo cha kuonyeshea, chombo cha visahani vya sumaku, na vibonye vya kuandikia herufi. Stein akatia sahihi.

Je, mmeona kilichotokea? Mashine ya nyumbani haina vibonye vya herufi. Game Boy haina chombo cha visahani. Kwa mstari ule, vyote viwili havikuwa kompyuta tena, na Stein alikuwa na haki ya kompyuta tu. Haki nyingine zote zikarudi mikononi mwa Elorg kana kwamba hazikuuzwa kamwe. Mtu alipoteza mali kubwa bila mtu kumnyang'anya. Alisoma mistari iliyomtisha, akauruka uliomwonea. Nao ulikuwa umeandikwa wazi, kwa herufi zilezile kama mingine.

Rogers alipata haki ya mashine za mkononi. Mwezi Machi mwaka huohuo Nintendo wenyewe wakapewa haki ya mashine za nyumbani. Atari Games hawakukubali. Walikuwa wamekwisha kutengeneza Tetris yao ya kuingia katika mashine ya Nintendo, wakaenda mahakamani huko Marekani wakidai kwamba mashine hiyo nayo ni kompyuta. Kisa kina kichekesho chake: Famicom ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kompyuta ya jamaa! Hata hivyo mwezi Juni 1989 hakimu aliwazuia wasiuze, na makasha yao yakaondolewa madukani.

Game Boy ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989. Ilibuniwa na kundi la Gunpei Yokoi. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa, ilitumia betri nne ndogo, na wengi waliicheka. Huko Marekani iliuzwa pamoja na Tetris ndani ya boksi moja. Makasha ya Tetris ya Game Boy yaliyouzwa yalipita milioni 35. Mwaka 1993 mwanaanga Aleksandr Serebrov alichukua Game Boy na Tetris hadi kituo cha Mir, huko angani, ambako matofali ya kweli yasingeanguka kabisa.

Na Pajitnov? Katika mamilioni hayo yeye alipata kidogo sana. Mwaka 1991 alihamia Marekani. Mwaka 1996, ile miaka kumi ilipokwisha, haki zikamrudia, naye pamoja na Rogers wakaanzisha kampuni ya kuzisimamia. Wako wasemao kwamba hakudhulumiwa, maana alikuwa analipwa mshahara na kompyuta haikuwa yake. Mimi nasema alidhulumiwa na desturi, ingawa hakudhulumiwa na mtu. Jadilianeni darasani. Nyumba ikijengwa na fundi wa kuajiriwa ni ya mwenye kiwanja, hilo ni sawa. Lakini wazo si tofali, na aliyelipata hakuagizwa na mtu kulitafuta.

Bado kuna kipande cha mwisho cha habari hii, nacho ni cha miaka ya karibuni. Zamani ulinunua kasha. Siku hizi watu hununua mchezo bila kupewa kitu cha kushika: mashine huuvuta kwa intaneti toka duka lisilo na mlango, nao hukaa ndani yake. Mwaka 2010 Tetris moja iliuzwa hivyo kwa mashine ya mkononi ya Nintendo iitwayo DSi. Mwezi Desemba 2011 ile Tetris ya kale ya Game Boy ikauzwa vivyo hivyo kwa mashine iliyofuata, 3DS. Mwisho wa mwaka 2014 ikaondolewa. Duka la DSi lilifungwa tarehe 31 Machi 2017. La 3DS liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023. Aliyekuwa na fedha yake mkononi siku iliyofuata hakuwa na pa kuipeleka, ingawa mashine yake ilikuwa nzima.

Wazee wetu wa Buhaya wataelewa jambo hili haraka kuliko vijana. Chini ya nyarubanja mtu alilima, akapanda migomba na kahawa, akazaa watoto katika kibanja, na bado ardhi ilikuwa ya mwingine, naye alimpelekea mwenye ardhi kodi na sehemu ya mavuno. Sheria za miaka ya 1960, baada ya Uhuru, ndizo zilizoufuta utaratibu huo. Mchezo wa kuvuta kwa intaneti hauwezi kulinganishwa na kibanja kwa uzito, hilo najua. Hakuna aliyelala njaa kwa kukosa Tetris. Lakini karatasi zake zinafanana. Katika masharti yale marefu ambayo mnunuzi huyakubali kwa kugusa kioo mara moja, huwa imeandikwa kwamba amepewa ruhusa ya kutumia. Neno kununua limo katika kibonye. Neno ruhusa limo katika masharti. Yako maneno mawili, na lenye nguvu ni lile la pili.

Tarehe 12 Desemba 2024 Tetris ya Game Boy ilirudi tena, sasa katika mashine ya Nintendo iitwayo Switch. Safari hii haiuzwi. Mtu hulipa ada ya uanachama, naye hucheza muda wote anaolipa. Akiacha kulipa, mlango hufungwa.

Ajabu ni hii: kasha la mwaka 1989, likiwa halikuharibika, bado linacheza. Litieni ndani ya Game Boy nzima, tieni betri nne, bonyezeni, na matofali yataanza kuanguka. Hakuna duka linaloweza kufungwa juu yake, wala halimwombi mtu ruhusa. Linaweza kuachiwa mtoto, naye amwachie wake.

Kazi ya nyumbani kwa wiki ijayo ni hii. Kila mmoja alete karatasi moja aliyowahi kutia sahihi au kidole gumba: ya mkopo, ya chama cha ushirika, ya kodi ya chumba, ya laini ya simu, yoyote. Msome kwa sauti, wawili wawili, toka neno la kwanza hata la mwisho. Kila mtakapokuta neno ambalo karatasi inalitumia lakini haikueleza maana yake, lipigieni mstari. Nanyi mlioshika namba shuleni zamani, jaribuni pia lile fumbo la vibao 12: kateni miraba mitano mitano, muone kama mtayapata maumbo yote kabla ya kipindi kijacho. Kugeuza kibao chali kunaruhusiwa.